Kizimba cha Kinyonga Si Tangi la Samaki

Kizimba cha kinyonga ni mahali pa kupanda, kuota jua, kujificha na kunywa matone. Maoni yaliyoenea yanasema vingine. Kwa wauzaji wengi wa wanyama wa kufugwa huko Ulaya na Marekani, na kwa wanaoanza kufuga katika Afrika Mashariki wakifuata mfano wao, kinyonga ni mnyama wa nchi za joto, mpole, mzito wa mwendo na asiyedai mengi. Atiwe katika boksi la kioo, awashiwe taa kali, awekewe bakuli la maji na tawi moja, kazi imekwisha. Maoni hayo yamesimama juu ya nguzo nne: kwamba joto ndilo hitaji la kwanza, kwamba asiyekimbia hahitaji nafasi, kwamba maji ni maji, popote yalipowekwa, na kwamba mnyama huyu hujipaka rangi ya mahali alipo, hivyo akipewa majani ya kijani atatulia. Nguzo zote nne ni mbovu, na ufuo wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, una ushahidi wa kutosha wa kuziangusha.

Mazoea ya kioo yana chanzo chake, na ufuo huu unahusika nacho. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika walisafirishwa kutoka Bujumbura kwenda ng'ambo, biashara iliyompa umaarufu Mbelgiji Pierre Brichard. Mmoja wa samaki hao, Tropheus brichardi, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1975 na kupewa jina la Brichard, ni wa miamba ya ziwa hili. Wafugaji wa samaki wa Ulaya walilijua jina la Nyanza-Lac kwa kulisoma kwenye tangi. Duka linalouza samaki mara nyingi ndilo linalouza kinyonga, na muuzaji humpa mteja chombo kilichopo rafuni. Samaki hupata hewa, joto na chakula ndani ya maji yake, kwa hiyo ukuta wa kioo haumnyimi kitu. Kinyonga hutegemea hewa inayopita na jua linalomfikia moja kwa moja, na kioo huvizuia vyote viwili.

Hoja ya joto ndiyo inayorudiwa zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Hujengwa juu ya ramani: kinyonga ni wa Afrika, Afrika ni joto, basi apewe joto. Burundi yenyewe inaikataa hesabu hiyo. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Milima inayoanza kupanda nyuma ya Rumonge huvuka mita 2,000 katika msitu wa hifadhi wa Bururi. Kwa kuwa joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6 kila mita 1,000 za kupanda, anayetoka ufukweni hadi msitu huo huvuka tofauti ya nyuzi 7 au 8 kabla ya adhuhuri. Katika nchi hii ndogo wamo vinyonga wa hali mbalimbali. Trioceros johnstoni, ambaye dume lake lina pembe tatu puani, ni wa misitu ya milimani, mahali penye ukungu na usiku wa baridi. Trioceros ellioti hupatikana zaidi kwenye nyanda za kati na za juu, vichakani na hata katika bustani za watu. Chamaeleo dilepis, mwenye vikunjo viwili vya ngozi nyuma ya kichwa, ni wa nyika, miombo na mashamba, mazingira ya aina ile ile iliyoko katika hifadhi za Rumonge na Vyanda.

Swali la kwanza la mwenye kujenga kizimba, kwa hiyo, linahusu mnyama kabla ya kuhusu mbao: huyu ni kinyonga gani, na ametoka mwinuko gani? Chamaeleo dilepis huishi vizuri mchana ukiwa na nyuzi 25 hadi 28, awe na tawi moja la kuotea jua lenye joto zaidi kidogo, na usiku ushuke hadi 20 au chini yake. Johnstoni huanza kutaabika katika joto ambalo mwenzake wa nyika hulifurahia. Kwake mchana wa nyuzi 20 hadi 24 unatosha, na usiku sharti uwe wa baridi. Kumshusha kinyonga huyo kutoka milimani na kumfuga Nyanza-Lac ni kumuua polepole, hata kama kizimba chake kimejengwa na fundi hodari. Hakuna feni wala kitambaa kibichi kitakachougeuza ufukwe kuwa msitu wa mlimani.

Sayansi nayo haiko upande wa joto. Mwaka 2010 Christopher Anderson na Stephen Deban, watafiti wa Marekani, walipima ulimi wa kinyonga wa Yemeni katika nyuzi 35, 25 na 15. Joto liliposhuka kwa nyuzi 10, kasi ya kurusha ulimi ilipungua kwa chini ya asilimia 20, ingawa kasi ya kuurudisha ilipungua sana. Sababu ni kwamba ulimi hurushwa kwa nguvu iliyokwisha kuhifadhiwa katika tishu zinazovutika, kama upinde uliokwisha kuvutwa, wala hautegemei kasi ya msuli ya papo hapo. Mnyama aliyeumbwa awinde hata asubuhi yenye baridi hana haja ya taa kali saa ishirini na nne. Anachohitaji ni tofauti ya joto: juu pawe na joto, chini pawe baridi, mchana utofautiane na usiku, na yeye mwenyewe achague. Boksi dogo la kioo linamnyima uchaguzi huo, maana joto lake ni moja kila pembe.

Hoja ya pili, kwamba mnyama wa polepole hahitaji nafasi, inachanganya mwendo na makazi. Mwili wa kinyonga umeumbwa kwa ajili ya matawi. Vidole vyake vitano vimegawanyika mafungu mawili, viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, vikawa koleo la kushikia fito. Mkia ni mkono wa tano. Macho huzunguka kila moja kivyake na kutazama karibu pande zote. Ulimi huweza kufika mbali kuliko urefu wa kiwiliwili. Mnyama wa namna hii huishi kwa kupanda na kushuka, kusogea juani na kurudi kivulini, kumwona mdudu kwa mbali na kumpimia. Kizimba chake hupimwa kwanza kwa kimo. Kwa kinyonga mzima mwenye ukubwa wa Chamaeleo dilepis, upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 120 ni kipimo cha kuanzia. Wanaosema kwamba mnyama mdogo hupotea katika kizimba kikubwa asione chakula wana ukweli mmoja tu: mtoto wa kinyonga anaweza kuanzia katika kizimba kidogo kwa miezi michache. Baada ya hapo, mnyama anayeishi kwenye mti mzima bila kukosa windo hawezi kupotea katika mita moja ya wavu.

Kimo hicho kiinuliwe pia kutoka ardhini. Ndege wala nyama hushuka kutoka juu, na kwa kinyonga kila kinachomwinamia ni adui. Kizimba kilichowekwa sakafuni humfanya amwone kila mpitaji kama mwewe. Kikiwekwa juu ya meza au vigingi, tawi la juu likawa juu ya macho ya mtu mzima, mnyama hutulia bila kufundishwa.

Kuhusu ukuta, wavu ndio jibu la ufuo huu. Hewa ya ziwa ina unyevu, na boksi lililofungwa pande zote huuhifadhi unyevu huo hadi ukungu unaota kwenye majani na mapafu ya mnyama yanaugua. Kioo kilichoachwa juani kwa muda mfupi kinatosha kumuua aliye ndani. Zaidi ya hayo, kinyonga akiiona taswira yake kwenye kioo anaweza kuichukua kuwa ni mpinzani asiyeondoka. Ni haki kukiri kwamba wapo wafugaji wa Ulaya ya kaskazini wanaotumia maboksi ya kioo yenye matundu makubwa ya hewa, kwa sababu nyumba zao hupashwa moto wakati wa baridi na hewa yake hukauka. Hiyo ni dawa ya ugonjwa wa huko. Kuinunua Nyanza-Lac ni kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Fremu ya mbao iliyopigwa randa, ikafunikwa wavu wa waya wa dirishani, hasa ule uliopakwa plastiki, hudumu na haichani ngozi. Wavu chakavu wa kuvulia ndagala, unaopatikana bure kila mwalo, unashawishi, lakini uzi wake mwembamba hunasa kucha, na kinyonga aliyenaswa hujivuta hadi kidole kinang'oka. Upande wa nyuma na ubavu mmoja uzibwe kwa matete au mianzi iliyopasuliwa, ili mnyama awe na pahali pa kuegemea asipoonekana. Mlango uwe mpana wa kutosha kuingiza mkono na kumwagilia mimea bila kumgusa mwenye nyumba.

Ndani, fito ziwe nyingi na za unene tofauti, nyingine zimelala, nyingine zimeinama, ili miguu isishike unene mmoja siku nzima. Matawi ya mpera na mwembe yanafaa na hayana gharama. Majani mabichi ni ya lazima, kwa kuwa ndiyo maficho na ndiyo yanayobeba matone ya kunywa. Haibiskasi iliyopandwa katika ndoo inatimiza yote mawili. Mnyaa, unaotumika sana kuzungushia nyua, usiingizwe, kwa kuwa utomvu wake huunguza macho. Majani ya shamba lililopulizwa dawa ya wadudu yaachwe huko huko shambani.

Mwanga ndio sehemu ambayo maoni yaliyoenea hukaribia ukweli kisha yakaupita. Taa kali hutoa joto na kuangaza, lakini taa ya kawaida haina mionzi ya urujuanimno ya aina ya B ambayo ngozi ya kinyonga huitumia kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo kalsiamu ya chakula haiingii mifupani, na mnyama hupata matege: miguu hupinda, taya hulegea, mwishowe hata ulimi hushindwa kutoka. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa sana ya mionzi hiyo, kwa hiyo kinyonga aliye nyuma ya dirisha huona jua asipate faida yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Kristopher Karsten na wenzake, juu ya kinyonga wa Madagaska aitwaye Furcifer pardalis, ulionyesha kwamba mnyama asiyepata vitamini D3 ya kutosha katika chakula hujiongezea muda wa kukaa kwenye mionzi, na aliyeipata hujipunguzia. Anajipimia dawa mwenyewe, mradi awe na jua na awe na kivuli.

Hapa ufuo wa Burundi umejaliwa kuliko duka lolote. Nyanza-Lac iko zaidi kidogo ya nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na jua lake halihitaji umeme, unaokatika na usiofika kila nyumba. Kinachotakiwa ni kuchagua upande. Ziwa liko magharibi, na jua la alasiri huja na mng'ao wa maji na ukali wake wote. Milima iko mashariki, na jua la asubuhi huchomoza nyuma yake likiwa limepoa. Kizimba kisimame upande wa mashariki wa nyumba, chini ya mti au ukingo wa paa, kipate saa mbili au tatu za jua la asubuhi na kivuli kwa siku iliyobaki. Hata wakati wa jua hilo, angalau nusu ya kizimba iwe kivulini.

Maji nayo hayafanani kila yalipowekwa. Vinyonga walio wengi hawalitambui bakuli kuwa ni maji. Porini hulamba umande na mvua kwenye majani. Mnyama anaweza kukauka mwili huku bakuli limejaa, na wadudu waliozama humo huoza na kuleta maradhi. Njia ya kufaa ni kunyunyizia majani asubuhi na jioni, kisha kuweka juu ya kizimba chupa yenye tundu dogo, au mpira mpya wa dripu, udondoshe tone moja moja juu ya jani kwa saa moja hivi, na chombo chini cha kupokea maji. Katikati ya mchana kizimba kiwe kimekauka. Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua inapokatika na vumbi kutanda, unyunyiziaji uongezwe. Macho yaliyoingia ndani na ngozi iliyokunjamana ni dalili kwamba tayari umechelewa.

Sakafu husahauliwa, na husahauliwa kwa hasara ya majike. Jike wa Chamaeleo dilepis hushuka ardhini, huchimba shimo na kutaga makumi ya mayai. Jike aliyetoka porini huenda ameshabeba mimba. Asipopata udongo wa kuchimba huzuia mayai tumboni, na wengi hufa hivyo, mfugaji akidhani ni uvivu wa kula. Chombo chenye mchanga uliochanganywa na udongo, kina chake sentimita 30, unyevu wake wa kushikana mkononi bila kuchuruzika, kinaokoa maisha. Trioceros ellioti huzaa watoto hai, kwa hiyo hana haja ya shimo. Hili nalo hurudisha swali la mwanzo: ni kinyonga gani?

Nguzo ya nne ni ya rangi. Imani kwamba kinyonga hufuata rangi ya mahali alipo imewafanya watu wapambe kizimba kwa majani ya plastiki wakitarajia mnyama afanane nayo. Mwaka 2008 Devi Stuart-Fox na Adnan Moussalli walionyesha, kwa kulinganisha vinyonga wadogo wa Afrika Kusini, kwamba uwezo mkubwa wa kubadili rangi umekua kwa ajili ya kuonyeshana, kumtisha mpinzani na kumvutia mwenza, kuliko kwa ajili ya kujificha. Mwaka 2015 kundi la Chuo Kikuu cha Geneva likaeleza jinsi inavyotokea: ngozi ina seli zenye fuwele ndogo mno za guanini, na mnyama akizitenganisha au kuzikaribianisha fuwele hizo, mwanga unaorudishwa hubadilika rangi. Rangi ni taarifa ya ndani. Weusi wa asubuhi unaweza kuwa njia ya kunyonya jua. Weusi unaodumu mchana kutwa ni malalamiko ya baridi, hofu au ugonjwa, na dawa yake ni kurekebisha kizimba.

Hofu hiyo mara nyingi huletwa na mwenzake. Kinyonga huishi peke yake, na wawili katika kizimba kimoja ni vita ya kimya ambayo mdogo hushindwa kwa kuacha kula. Hofu nyingine huletwa na mikono. Katika wiki za kwanza mgeni huyu asishikwe wala kuonyeshwa majirani. Apewe panzi, nzige na mende wa aina mbalimbali, waliolishwa mboga kwanza na wakati mwingine kupakwa unga wa kalsiamu, kisha aachwe. Miguu ya kizimba isimame katika makopo ya maji yenye mafuta kidogo juu yake, kwa sababu siafu wakiingia usiku huacha mifupa. Wavu usiwe na tundu la kupitisha nyoka wa mitini, ambao vinyonga ni chakula chao.

Watetezi wa boksi la kioo hubaki na hoja moja: wapo waliofuga hivyo na mnyama hakufa. Kinyonga hafi kwa kelele. Halii, hakohoi kwa sauti, hakimbii kuomba msaada, na huficha udhaifu kwa sababu porini dhaifu huliwa kwanza. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Aliyenyimwa mionzi leo hupinda mifupa baada ya miezi, na aliyenyimwa matone huharibika figo kabla hajaonekana mgonjwa. Miezi michache ya kutokufa si ushahidi wa kuishi vizuri. Hoja ya gharama nayo haina uzito hapa, kwa kuwa mbao, matete, fito na jua la Nyanza-Lac ni rahisi kuliko kioo, taa na umeme.

Kizimba bora bado hakihalalishi kila kinyonga. Chamaeleo na jamaa zake wa karibu wamo katika Nyongeza ya Pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, tangu 1977, na Burundi imo katika mkataba huo tangu 1988. Kumvusha mpaka bila kibali ni kosa, na ofisi inayosimamia mazingira na hifadhi nchini ni OBPE. Kenya ilizuia usafirishaji wa kinyonga wake wa pembe tatu mwaka 1981, lakini wenzake walikuwa wameshafika Hawaii mwaka 1972, wakaachiwa uani mwa nyumba moja katika kisiwa cha Oahu, na sasa wanazaliana huko na kula wadudu na konokono wa visiwa hivyo. Mlango usiofungwa vizuri una madhara yanayozidi mnyama mmoja.

Hukumu ni fupi. Anayetaka kumfuga kinyonga katika ufuo huu achague aina ya ufuo huu aliyepatikana kwa njia halali, ajenge kizimba kirefu cha wavu na kukamilisha kila kitu kabla ya mnyama kufika: tawi la jua, majani ya kivuli, matone, udongo wa kutagia na makopo ya kuzuia siafu. Asiyeweza kutimiza hayo amwache kinyonga mtini, kwa sababu hana cha kumpa ambacho mti haujampa.